Kachero Asiye na Beji: Akiachishwa, Nani Anakula Hasara?

Wanaoijua tamthilia ya Kimarekani ya Monk, iliyorushwa kuanzia 2002 hadi 2009, wanamkumbuka Adrian Monk kwa mambo mawili yasiyotenganishika: anaona wasichokiona wenzake, na akishapeana mkono na mtu hatulii mpaka apewe kitambaa ajifute. Alikuwa askari mpelelezi wa San Francisco. Mkewe Trudy akauawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari, na yeye akaanguka kabisa, akawa hawezi hata kutoka nje ya nyumba. Polisi wakamtoa kazini. Baadaye wakaanza kumwita tena kama mshauri wa nje. Kesi ikiwashinda, Kapteni Stottlemeyer anampigia simu, Monk anakuja na muuguzi wake, anazunguka chumbani mikono ameiinua mbele ya uso, kisha anataja jambo ambalo askari kumi wamelipita.

Katika hadithi zake kibarua hicho nacho kimeota nyasi zaidi ya mara moja. Mara moja ni kwa kosa: hulka yake ya kusafisha kila kitu ilisababisha mafaili ya uchunguzi yafutike kwenye kompyuta ya polisi, kamishna akaghadhibika, akamfutia leseni ya upelelezi. Mara nyingine ni kwa bajeti: jiji limeishiwa, na wa kwanza kukatwa ni yule asiyekuwemo kwenye orodha ya watumishi.

Nimeisikia habari hii ikizungumzwa barazani baada ya sala ya isha, na ilivyochemka ungedhani Monk ni mtoto wa Michenzani hapa Unguja. Mmoja alisema mtu aliyepoteza ushahidi wa miaka hana cha kudai, hata akiwa na akili za ajabu. Mwenzake akamjibu kwamba kesi zilizobaki basi kamishna akazifumbue mwenyewe. Wote wawili walikuwa na hoja, na mimi naona hoja hizo zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Zanzibar haina haja ya kwenda San Francisco kumtafuta mtu wa aina hii. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, ndiye aliyewapa wasomaji wa Kiswahili kachero wao wa kwanza mashuhuri, Bwana Msa. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58, ikachapishwa 1960, na nyingine zikafuata hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Bwana Msa ana kiko chake, ana sahibu yake Najum wa kumuuliza maswali ambayo msomaji naye anataka kuuliza, na ana Inspekta Seif wa polisi. Hana cheo wala sare. Mwandishi mwenyewe, kabla ya kuingia kwenye magazeti, alifanya kazi miaka kumi katika idara ya afya akiwa mkaguzi. Nadhani ile miaka haikwenda bure. Bwana afya huingia majumbani mwa watu, hutazama kisima, jiko na choo, na hujifunza mapema kwamba wenye nyumba wanaweza kusema hivi na nyumba ikasema vingine.

Kati ya Bwana Msa na Monk kuna tofauti moja ambayo uchambuzi huu wote unaiegemea. Bwana Msa hawezi kuachishwa kwa sababu hakuajiriwa. Inspekta anamwendea kwa hiari, na siku asipomwendea Bwana Msa atabaki na kiko chake na vitabu vyake. Monk anaishi kwa simu ya kapteni. Simu isipolia hana pesa ya kumlipa muuguzi, na zaidi ya pesa, hana kinachomtoa nyumbani. Kwa hiyo tukiuliza kama polisi wana haki ya kumwacha mtu wa namna hii, tunauliza maswali mawili kwa pamoja: kesi itapata nini, na mtu mwenyewe atapata nini. Watu barazani huyachanganya, ndiyo maana hawakubaliani.

Kwanza kesi. Faida ya mtu wa nje ni kwamba jicho lake limelelewa pahala pengine. Askari amefundishwa kuangalia mlango umevunjwa vipi, nani alionekana, nani ana rekodi. Tuseme magunia ya karafuu yameibwa Mtambwe, Pemba, na siku tatu baadaye polisi wamekamata magunia mengine yakisubiri kupakiwa kwenye mashua. Mtuhumiwa anasema ni zake, amechuma mwenyewe na kuanika mwenyewe. Gunia ni gunia, halina jina la mtu. Lakini mzee aliyeanika karafuu tangu utotoni atatia mkono ndani, atatoa kiganja kimoja, ataivunja punje kwa ukucha na kuisikiliza inavyokatika. Atakwambia hizi zimekaa juani siku mbili tu, zikaingizwa gunia kabla hazijakauka. Atakwambia zimeanikwa juu ya lami na si kwenye jamvi, kwa uchafu ulioshika kwenye kikonyo. Atakwambia zimechambuliwa kwa haraka, makonyo yamebaki mengi, na familia inayotegemea kuuza daraja la kwanza haiachi makonyo namna hii. Hapo mpelelezi amepata maswali matatu ya kumuuliza mtuhumiwa ambayo asingeyapata kwenye chuo chochote cha polisi.

Na yule mwenye hulka ngeni anaongeza kitu zaidi ya ujuzi. Kila msikiti hapa una mtu wake mwenye wasiwasi, anayerudia udhu mpaka wenzake wamemaliza rakaa ya kwanza, anayerudi mara ya pili na ya tatu kuhakikisha kwamba maji yamefika kwenye kisigino. Watu humwonea huruma, wengine humcheka, jambo ambalo ni baya. Maradhi hayo yanatesa, na hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu ipo kwa ajili ya watu kama hao wasaidiwe. Hata hivyo mtu aliyezoea kutazama kitu mara saba hawezi kupita kwenye chumba chenye viti vitano na kikombe kimoja kisichokuwa pahala pake akasema hakuona. Kinachomnyima usingizi ndicho kinachomwonyesha. Polisi wanaomwacha mtu huyo kwa sababu tu anawaudhi, anachelewesha gari, anataka dirisha lifutwe kwanza, wanaitupa faida pamoja na usumbufu.

Na kumwacha kwa ajili ya fedha kuna historia yake, si ya kubuni. Uingereza ilikuwa na taasisi ya serikali ya uchunguzi wa kisayansi wa jinai, Forensic Science Service. Desemba 2010 serikali ilitangaza kuifunga, kwa maelezo kwamba inapata hasara ya takriban pauni milioni mbili kila mwezi. Machi 2012 ikafungwa, kazi zikaenda kwa makampuni binafsi na maabara za polisi wenyewe. Mwaka 2019 kamati ya sayansi ya Baraza la Malodi la Bunge la Uingereza ilitoa ripoti kali kuhusu hali mbaya ya uchunguzi wa kisayansi Uingereza na Wales. Aliyekata matumizi alihesabu pauni zilizookolewa. Gharama ya kesi iliyochunguzwa vibaya haionekani kwenye daftari lake, inaonekana kwa mtu aliyefungwa bure au kwa familia ambayo muuaji wa mtoto wao bado anatembea.

Hapo ndipo mtetezi wa Monk anapopiga meza na kudhani kashinda. Bado.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi kuliko ile ya mafaili yaliyofutika. Julai 1992 mwanamke kijana aliuawa kwa kisu Wimbledon Common, London, mbele ya mtoto wake mdogo. Polisi walibanwa na magazeti, wakamwita mtaalamu wa saikolojia kutoka nje awachoree tabia za muuaji. Mkaazi mmoja wa karibu, mtu mpweke, akaonekana kufanana na mchoro huo. Ukaandaliwa mtego: askari wa kike akajifanya mpenzi wake kwa miezi, akimvuta aseme mambo. Hakukiri. Alikamatwa hivyo hivyo mwaka 1993 na kuwekwa rumande. Mwaka 1994 jaji aliitupa kesi, akalaani mtego wenyewe. Aliyeua hasa alipatikana baadaye sana kwa vipimo vya vinasaba, akahukumiwa 2008. Na katika Novemba 1993, wakati asiye na hatia yumo rumande, yule mwenye hatia alimuua mama mwingine na binti yake mdogo. Serikali ilimlipa aliyesingiziwa pauni 706,000. Wale wengine wawili hawana fidia.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi, kwa sababu inaonyesha hatari ilipo. Mtaalamu hakuwa mjinga, wala hakuwa na nia mbaya. Kilichoharibika ni kwamba polisi walipokea picha yake kisha wakaacha kutafuta. Jicho la nje likawa mbadala wa upelelezi wakati lilipaswa kuwa mwanzo wake. Kwenye tamthilia Monk akinyoosha kidole, mtuhumiwa hukiri kabla ya tangazo la biashara. Mahakamani hakuna anayekiri kwa sababu mtu mwerevu amemwelekezea kidole.

Kwetu hatari hiyo ina sura yake, na naomba nisieleweke vibaya ninapoisema. Mtu akiibiwa Unguja au Pemba, mara nyingi polisi si wa kwanza kuambiwa. Anaambiwa mganga, inapigwa ramli, au inatishwa kusomwa halbadiri ili mwizi adhurike. Katika ramli hutoka jina, au hutoka maelezo yanayomfaa mtu mmoja tu mtaani: mweusi wa wastani, ana kovu, nyumba yake inaelekea kibla. Nani asiyejua ni nani? Shehia ni ndogo, watu wanaoana wao kwa wao, jina likishatajwa halifutiki hata mwizi mwenyewe akija kupatikana Dar es Salaam na mali mkononi. Katika mazingira hayo, mtu wa nje anayepewa heshima ya "huyu anajua", ambaye polisi humleta, humsikiliza na kuondoka na mtuhumiwa, anaweza kuwa mpiga ramli mwingine aliyevaa suruali. Muhammed Said Abdulla aliiona hatari hii kabla yetu. Kwenye riwaya yake ya kwanza hofu ya mzimu inatumika kufunika mauaji, na kazi ya Bwana Msa ni kulitoa jambo kutoka kwenye hofu na kulirudisha kwenye mambo yanayoshikika.

Halafu kuna sheria. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, inayosikiliza rufaa za jinai za Zanzibar pia, ilisisitiza katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 kwamba kielelezo lazima kiwe na kumbukumbu za maandishi, kwa mpangilio wa muda: nani alikikamata, nani alikihifadhi, kilikwenda kwa nani, kilichunguzwa wapi. Sasa mweke Monk ndani ya mnyororo huo. Ameshika kikombe, amekirudisha pahala panapomridhisha, amefuta meza kwa sababu ilikuwa na vumbi. Wakili wa utetezi hahitaji kusema neno lingine. Kwa hoja hii kamishna aliyemfutia leseni baada ya mafaili kupotea hakuwa mtu katili. Alikuwa na kesi za watu wengine mikononi, na watu hao hawakuchagua ushahidi wao usimamiwe na mtu asiyeweza kujizuia kusafisha.

Mimi nasimama wapi? Kwenye suala la kosa, nasema kamishna alikuwa sahihi kumtoa kwenye chumba cha vielelezo na akakosea kumtoa kwenye kazi. Hizo ni adhabu mbili tofauti. Daktari aliyekosea upasuaji huondolewa kisu kwanza, na ujuzi wake wa kutambua maradhi haupotei siku hiyo. Monk angeweza kuletewa picha, kusimama mlangoni, kufungwa mikono kwa sharti la maandishi kwamba hagusi kitu. Kukata kila kitu kwa pigo moja kulimridhisha mkubwa aliyeudhika, na ndiyo maana mtazamaji huhisi dhulma hata akikubali kwamba kosa lilitendeka.

Kwenye suala la bajeti sina upande wa pili wa kuutetea sana. Idara inayomwita mtu usiku wa manane kesi ikiwashinda, kisha inamwona si wa lazima fedha zikipungua, inamtendea kama kibarua wa msimu wa karafuu. Nakubali kwamba fedha zikikatika lazima mtu akose. Lakini aachwe kwa hesabu iliyofanywa: kesi ngapi alizishughulikia, ngapi zilisimama mahakamani, ngapi zilianguka kwa sababu yake. Kama hesabu hiyo haijafanywa, bajeti ni kisingizio cha kumwondoa mtu asiyependwa.

Wapo wanaosema dawa ni kumwajiri rasmi, apewe cheo na mshahara, mjadala uishe. Tamthilia yenyewe ilijibu hoja hii katika msimu wa mwisho, 2009. Monk alirudishiwa beji aliyoililia miaka yote. Akaivaa, akakuta kazi ya askari ni zamu, ripoti, amri na wenzake chumba kizima, na kile alichokuwa akikiona akiwa nje hakikuja tena kwa raha ile. Akairudisha beji mwenyewe, akarudi kuwa mshauri. Naiona hiyo kuwa sehemu ya kweli kabisa katika hadithi yote. Ukimtia mzee wetu wa karafuu kwenye gwaride, baada ya mwaka utakuwa na askari mzee asiyefaa na hutakuwa na mjuzi wa karafuu.

Lakini kumwacha nje bila utaratibu nako kuna mwisho wake. Ufaransa ilimjua Vidocq, mfungwa wa zamani aliyewasaidia polisi wa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1810 mpaka akakabidhiwa kikosi cha makachero, Sûreté. Aliondoka 1827, akarudi kwa muda mfupi 1832, na 1833 akafungua ofisi yake binafsi ya upelelezi. Kuanzia hapo polisi aliokuwa akiwatumikia walimwandama, akakamatwa 1837 na tena 1842. Mtu wa aina hii ukimwachisha hapotei. Anabaki na macho yake, na siri zako anazijua.

Kwa Zanzibar njia ipo tayari, ila haitembelewi. Sheria ya Ushahidi ya Zanzibar, Namba 9 ya 2016, inapokea maoni ya mtaalamu mahakamani. Hakuna sababu utaalamu huo ufikiriwe kuwa wa maabara tu. Mzee wa Mtambwe anaweza kupanda kizimba cha ushahidi akaeleza karafuu iliyokauka inakatikaje na isiyokauka inakatikaje, akavunja moja mbele ya hakimu, akaulizwa maswali ya dodoso na wakili wa utetezi mpaka atoke jasho. Asiyeweza kueleza amejuaje, neno lake libaki la kumsaidia mpelelezi kutafuta, lisiwe la kumkamatia mtu. Monk, kwa haki, hufaulu mtihani huu. Mwisho wa kila kisa hukaa akaeleza hatua kwa hatua: kiti kilikuwa hapa, saa ilisimama pale, kwa hiyo haiwezekani ulikuwa safarini. Mpiga ramli hawezi kufanya hivyo, na hapo ndipo pa kuwatenganisha.

Jeshi la Polisi ni la Muungano, na mkataba wa mtu wa Wete unaweza kupita meza nyingi kabla haujapata saini. Ndiyo sababu mambo haya huishia kwa kuombana: mpelelezi anamjua mzee, anampigia simu, anampa nauli kutoka mfukoni mwake. Polisi jamii ilikuja kurasimisha uhusiano wa askari na raia katika ulinzi wa mitaa, lakini masheha na vijana wa doria si wajuzi wa fani, na anayejua karafuu, nyavu au milango ya Mji Mkongwe hana dirisha la kuingilia. Ningependa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambayo ndiyo inayobeba kesi mpaka mbele ya hakimu, iwe na orodha ya watu hao kwa kila wilaya, kila mmoja na fani yake, na kila mmoja ameonyeshwa mapema mipaka yake kwenye vielelezo.

Suala la malipo ndilo nisilotaka liachwe hewani. Alipwe kwa siku aliyofanya kazi, kesi ishinde isishinde. Ukimlipa kwa hukumu umemfundisha kuona hatia. Usipomlipa kabisa, umemfanya aishi kwa hisani ya kapteni mmoja, na kapteni akihamishiwa Mkoani au akistaafu, simu haitalia tena na hakuna barua ya kumweleza kwa nini. Barua hiyo ni haki yake. Iseme ameachwa kwa kosa gani au kwa fedha gani, iseme anaweza kujibu kwa nani, na ndani ya siku ngapi.